Anza na daftari la mwanafunzi: jinsi ya kukagua kazi za walimu na alama wanazotoa

Maandalio ya somo ya muhula mzima yanaweza kuandikwa usiku mmoja. Najua, kwa sababu niliwahi kuyaandika hivyo nikiwa mwalimu wa mwaka wa pili, baada ya mkuu wa shule kututangazia kwamba wakaguzi wanaingia kesho yake. Asubuhi nilimwamkia mkaguzi, mama mmoja mtulivu, nikamkabidhi faili langu likiwa limepangwa kuliko siku yoyote. Alilipitia kwa dakika moja hivi, akalifunga. Kisha akaenda dawati la mwisho karibu na dirisha, akamwomba kijana aliyekaa pale daftari lake la Jiografia. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa imeligusa daftari lile wiki 7 nyuma. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwalimu, huyu mtoto atajuaje alikosea wapi?"

Swali lile nimelibeba tangu siku hiyo, kwanza nilipokuwa mwalimu wa taaluma, kisha nilipoanza kuombwa kwenda shule za jirani kuangalia kazi za wenzangu na alama wanazozitoa. Mwongozo huu ni kwa mtu yeyote anayepewa kazi hiyo: mthibiti ubora (aliyekuwa akiitwa mkaguzi wa shule) mgeni kazini, mkuu wa idara aliyealikwa shule nyingine, au mwalimu wa taaluma anayetaka macho ya nje yapite kwenye alama kabla hazijatumwa Baraza la Mitihani. Nimeuandika kwa mazingira ya sekondari za Tanzania, kwa kuwa ndiyo ninayoyafahamu.

Kwa nini alama ya darasani inahitaji macho ya nje

Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi iliamua kwamba mtihani mmoja wa mwisho usiamue peke yake hatima ya kijana. Kuanzia mwaka 1976 kazi za darasani, mazoezi na maendeleo ya mwanafunzi vikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa kidato cha nne. Nauona uamuzi huo kuwa wa haki. Lakini ulimpa mwalimu mmoja, aliyeko shule moja, kalamu yenye uzito wa kitaifa. Alama 60 ya shule ya kata isiyo na mwalimu wa Fizikia na alama 60 ya seminari yenye maabara mbili zinaingia kwenye mfumo mmoja, na mfumo hauoni kilichoko nyuma ya kila moja.

Kenya nako wamefika hapo hapo kwa njia yao. Matokeo ya mwanafunzi anayemaliza Gredi ya 9 yanajengwa kwa asilimia 60 ya tathmini ya mwisho, asilimia 20 ya tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 ya tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Palipo na asilimia ya shuleni, pana haja ya mtu wa nje kuja kuuliza imepatikanaje.

Hatua ya 1: Pata kibali, na useme unachokuja kufanya

Wathibiti ubora wana mamlaka ya kisheria ya kuingia shuleni na kukagua vitabu na kumbukumbu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inawapa. Mwalimu wa shule jirani hana mamlaka hayo hata akiwa na uzoefu wa miaka 30. Kama wewe ni huyo wa pili, uwe na barua kutoka kwa afisa elimu au mwaliko wa maandishi wa mkuu wa shule, ukionyesha masomo gani, madarasa gani na siku ngapi.

Siku ya kwanza omba dakika 15 na walimu wote ofisini. Waambie kwa maneno mepesi: nitaangalia madaftari, mitihani, usahihishaji na daftari la alama, sitaangalia mkataba wa mtu, wala sitazungumzia mwalimu yeyote mbele ya wanafunzi. Mwalimu aliyekuzidi umri mwamkie kwanza kabla hujafungua karatasi yake. Watu wengi hudhani mambo haya ni adabu tu, lakini yanabadilisha kabisa utakachoonyeshwa. Mwalimu aliyeogopa anaficha hata kile alichofanya vizuri.

Kuhusu kutoa taarifa mapema: mimi hupendelea shule ijue siku, isijue madarasa. Ukija ghafla kabisa utakuta nusu ya walimu wako kwenye semina au likizo ya ugonjwa, na hutajua chochote. Ukitaja kila kitu mapema utaonyeshwa madaftari 5 yaliyosahihishwa jana.

Hatua ya 2: Madaftari kabla ya mafaili

Ingia darasani na orodha ya mahudhurio. Chagua wanafunzi 6 kwa kuhesabu tu, kwa mfano kila wa 10 kwenye orodha, usimwache mwalimu au kiranja akuchagulie. Chukua daftari la somo husika kwa kila mmoja. Hayo madaftari 6 ndiyo yatakayokupa picha ya muhula.

Geuza ukurasa wa kwanza wa muhula, andika tarehe ya kila zoezi na tarehe lililosahihishwa. Hesabu mazoezi. Kisha angalia usahihishaji wenyewe. Vema (alama ya tiki) moja kubwa iliyokatiza ukurasa mzima, na neno "Nimeona" chini yake, ni ushahidi kwamba daftari lilipita mkononi, basi. Tafuta mahali ambapo mwalimu amezungushia kosa, ameandika hatua iliyorukwa, au ameuliza swali. Tafuta pia kama mwanafunzi aliambiwa arudie na akarudia. Masahihisho yaliyoandikwa na mwanafunzi baada ya kusahihishiwa yana thamani kuliko maneno ya mwalimu, maana yanaonyesha kwamba maneno yalifika.

Soma pia majibu yaliyowekewa vema. Mara kadhaa nimekuta jibu baya limewekewa vema, na mara moja nilikuta jibu hilo hilo baya limewekewa vema kwenye madaftari yote 6. Hapo tatizo si uvivu. Mwalimu mwenyewe hakuielewa mada, na hilo linahitaji msaada wa aina nyingine kabisa.

Ukimaliza ndipo ulete madaftari karibu na azimio la kazi, andalio la somo na shajara ya somo. Kama shajara inasema mada ya ukoloni ilimalizika Aprili, na madaftari yote 6 yanaishia nusu ya mada Mei, umeshajua kipi cha kuamini.

Hapa nasimama kidogo kuwatetea walimu, kwa sababu wakaguzi wengi hawapigi hesabu hii. Mwalimu mwenye mikondo 4 ya wanafunzi 60 ana madaftari 240. Akitumia dakika 3 tu kwa kila daftari, zoezi moja linamla dakika 720, yaani saa 12, nje ya vipindi vyake. Ukimdai mazoezi matatu yaliyosahihishwa kwa kina kila wiki unamdai asilale, na atakachokupa ni vema za kukatiza ukurasa. Kabla ya kuandika "mazoezi hayatoshi", andika kwanza idadi ya wanafunzi na vipindi vyake kwa wiki. Kisha uliza kama kuna zoezi moja kila wiki mbili lililosahihishwa kwa umakini. Hilo linawezekana, na mwalimu anayelifanya anastahili kusifiwa kwa jina lake mbele ya mkuu wa shule.

Hatua ya 3: Usome mtihani kabla ya kusoma alama

Omba karatasi ya mtihani wa muhula, mwongozo wa usahihishaji na jedwali la utahini, lile linaloonyesha maswali mangapi yametoka mada ipi na yanapima nini. Shule nyingi hazina jedwali hilo. Litengeneze mwenyewe kwa dakika 20: orodhesha mada za muhula upande mmoja, maswali upande wa pili, weka alama kila swali linapoangukia. Utaona mapema kama mada tatu ngumu zimerukwa, au kama alama 70 kati ya 100 ni za kutaja na kuorodhesha tu.

Kisha tafuta mtihani wa mwaka jana na wa juzi wa darasa hilo hilo. Mtihani uliorudiwa neno kwa neno hupatikana kwa wanafunzi wa mbele yao, na alama zake hazipimi kitu. Linganisha pia na zoezi la marudio lililofanywa wiki ya mwisho. Nimewahi kukuta maswali 8 kati ya 10 ya mtihani yako daftarini na majibu yake, yameandikwa siku 4 kabla ya mtihani. Darasa zima lilikuwa na A na B.

Mwongozo wa usahihishaji uwe na tarehe ya kabla ya mtihani, na uonyeshe alama za kila hatua. "Hoja 6 × alama 2 = 12" kwa swali la insha ya Historia hautoshi: hoja ipi inakubalika, na aliyetaja hoja bila kuifafanua anapata ngapi? Palipo na walimu wawili wa somo moja, ukimya huo wa mwongozo ndio unaomfanya mwanafunzi wa mkondo A apate 9 na wa mkondo B apate 5 kwa insha zinazofanana.

Hatua ya 4: Sahihisha upya

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa kuwa inachukua muda. Tenga nusu siku.

Chukua karatasi za majibu 8 hadi 10 kwa kila somo. Chagua ya juu kabisa, ya chini kabisa, na zilizobaki zitoke katikati, hasa zile zilizo karibu na mipaka ya madaraja. Kwa kidato cha nne A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Chini ya 30 ni F. Aliyepata 45 au 46 ndiye anayeumia kwa kosa la alama mbili, kwa hiyo karatasi yake isikose. Funika alama za mwalimu kwa vipande vya karatasi, tia namba badala ya majina, kisha mtu wa pili mwenye ujuzi wa somo asahihishe kwa mwongozo ule ule wa shule. Ule ule, hata kama una kasoro. Sasa unapima kama mwalimu amefuata alichoahidi. Kasoro za mwongozo umeshaziandika kwenye hatua ya 3.

Nikuonyeshe kwa namba, maana hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme mwalimu wa kwanza alitoa 81, 76, 66, 58, 47, 45, 33 na 30. Wewe umepata 76, 70, 61, 52, 42, 40, 28 na 25. Kila karatasi imeshuka kwa 5 au 6. Mpangilio wa wanafunzi haukubadilika hata kidogo: wa kwanza bado wa kwanza, wa mwisho bado wa mwisho. Lakini wanafunzi 6 kati ya 8 wameshuka daraja.

Mwalimu wa pili naye alitoa alama hizo hizo: 81, 76, 66, 58, 47, 45, 33 na 30. Kwake wewe umepata 70, 79, 66, 49, 55, 45, 41 na 31. Ukijumlisha tofauti zote, zilizopanda na zilizoshuka, unapata sifuri. Na aliyebadilika daraja ni mmoja tu, yule wa 81 aliyetoka A kwenda B. Mkaguzi mwenye haraka atamwandika huyu kuwa mwalimu bora na yule wa kwanza kuwa mpika alama.

Ni kinyume chake. Mwalimu wa kwanza ni mkarimu, lakini ni mkarimu kwa wote sawasawa. Alama zake zinaweza kurekebishwa kwa mkono mmoja, kwa kuzishusha zote kwa kiasi kile kile, na mwaka ujao akae na mwenzake waelewane hoja nusu inapewa ngapi. Mwalimu wa pili hana kipimo. Aliyempa 58 anastahili 49, na aliyempa 47 anastahili 55, wamepishana njiani. Hakuna hesabu ya kurekebisha hilo. Karatasi zote za darasa lile inabidi zisahihishwe upya, na kabla ya hapo unakaa naye umuulize alisahihisha lini na wapi. Mara nyingi jibu ni la kibinadamu: alianza saa 2 usiku na karatasi 120, akamaliza saa 9 alfajiri, na karatasi za mwisho zilisomwa na macho yaliyofumba. Nenda ukaangalie: je, makosa makubwa yako kwenye karatasi za mwisho za bunda?

Kwa hiyo andika vitu vitatu kwa kila mwalimu: tofauti ya wastani, tofauti kubwa kuliko zote, na kama mpangilio wa wanafunzi umebadilika. Wastani peke yake unadanganya.

Shule zinazofanya mitihani ya Cambridge zinaufahamu utaratibu unaokaribiana na huu. Kwa masomo yenye kazi za mradi, shule inasahihisha yenyewe, inatuma sampuli, na wasahihishaji wa nje wakiona shule imekuwa karimu au bahili wanarekebisha alama za watahiniwa wote wa somo hilo. Lakini hata wao huanzia kwenye kazi yenyewe ya mwanafunzi, na jambo hilo lina historia chungu ya kujifunzia. Mwaka 2020, mitihani ilipofutwa Uingereza kwa sababu ya UVIKO-19, walimu waliombwa wakadirie madaraja ya wanafunzi wa A-level, kisha mamlaka ya mitihani ikayapitisha kwenye kanuni ya kompyuta iliyotazama matokeo ya shule ya miaka ya nyuma. Karibu madaraja 4 kati ya kila 10 yalishushwa. Kijana hodari wa shule iliyokuwa ikifanya vibaya alishushwa kwa makosa ya kaka zake. Tarehe 17 Agosti serikali ikaachana na kanuni ile na kurudisha makadirio ya walimu. Usimshushe mwanafunzi alama kwa sababu ya sifa ya shule yake. Kama hujaiona karatasi, huna la kurekebisha.

Hatua ya 5: Fuata alama kutoka kwenye karatasi hadi kwenye fomu

Chukua karatasi zile zile na uifuate kila alama safari yake: jumla iliyo juu ya karatasi, alama kwenye daftari la alama la mwalimu, alama kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma, alama kwenye ripoti ya mzazi, na alama iliyowekwa kwenye fomu za maendeleo zinazokwenda Baraza. Jumlisha upya kila karatasi. Makosa ya kujumlisha ni mengi kuliko wizi, na yanaumiza vilevile.

Alama zilizopikwa huacha harufu. Tuseme mtihani ulifanyika tarehe 14. Fungua daftari la mahudhurio, angalia nani hakuwepo siku hiyo, kisha angalia kama ana alama. Angalia waliohama: nimekuta binti aliyehama Machi akiwa na alama ya Juni, tena nzuri. Tazama safu ya kazi mradi. Kama wanafunzi 70 wote wana kati ya 40 na 43 juu ya 50, omba kuona kazi 5 za mradi mezani. Tazama tarakimu za mwisho. Alama nyingi mno zinazoishia na 0 na 5 kwenye mtihani wa maswali mengi madogo zinasema mwalimu alikadiria. Tazama pia wino: muhula mzima ulioandikwa kwa kalamu moja, mwandiko wa kasi ile ile, bila kufutwa hata mahali pamoja.

Kwa masomo ya sayansi usisahau leja ya maabara. Kama kuna alama za mazoezi matatu ya vitendo ya Biolojia kuhusu kupima chakula, lazima iodini na mchanganyiko wa Benedict vitoke stoo. Leja ikionyesha hakuna kilichotolewa tangu Januari, waulize wanafunzi wawili, kwa upole na bila mwalimu kuwepo, rangi ilibadilika kuwa nini. Watoto hawasahau rangi.

Mwisho wa hatua hii, linganisha na kipimo cha nje. Matokeo ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili yapo. Weka kando yake alama za wanafunzi hao hao za kidato cha tatu muhula wa kwanza. Mmoja mmoja wanaweza kupanda au kushuka, ndivyo vijana walivyo. Darasa zima likipanda ghafla kwa alama 20 ndani ya miezi sita bila mwalimu mpya wala kitabu kipya, rudi kwenye hatua ya 3. Fanya hivyo pia kwa mtihani wa utamilifu (mock) na matokeo ya mwisho ya wahitimu wa mwaka uliopita.

Lakini kuwa mwangalifu na kulinganisha miaka. Wengi tunakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yakazua kilio nchi nzima, na Mei serikali ikaagiza yafutwe na kuchakatwa upya. Watahiniwa walikuwa wale wale na majibu yale yale. Kilichobadilika ni namna ya kupanga alama.

Hatua ya 6: Zungumza na mwalimu kabla hujaandika

Usimalize ukaguzi bila kukaa na kila mwalimu, wawili tu, mlango ukiwa wazi lakini mbali na masikio ya wengine. Anza na jambo jema uliloliona, la kweli, lenye ukurasa na tarehe. Kisha weka karatasi mbili mezani, uliza badala ya kutuhumu: "Mwalimu, nisaidie nielewe. Huyu kwenye swali la 4 ulimpa 7, na huyu ulimpa 3. Ulikuwa unatazama nini?"

Nusu ya mara atakuonyesha kitu ambacho hukukiona. Mwanafunzi wa kwanza aliendelea nyuma ya karatasi. Mwongozo ulibadilishwa kwenye kikao cha idara na hakuna aliyekuandikia. Kubali, futa, mshukuru. Nusu nyingine atanyamaza, na wewe nyamaza naye. Mpe nafasi aseme mwenyewe.

Kuna jibu moja ambalo ukilisikia lazima uliandike kwa makini bila kumtaja: "Niliambiwa nisifelishe." Hapo kosa haliko kwenye kalamu ya mwalimu. Mkuu wa shule anadaiwa wastani na afisa elimu, afisa elimu anadaiwa na mkoa, na shinikizo lote linashuka hadi kwenye daftari la alama la kijana wa miaka 26 aliyeajiriwa juzi. Ripoti inayomwadhibu huyo na kuwaacha waliomwagiza ni ripoti isiyo na haki.

Hatua ya 7: Ripoti fupi

Kurasa 3 zinatosha kwa somo moja. Andika ulichokagua (madaftari mangapi, karatasi ngapi, ya kidato gani), ulichokikuta pamoja na namba zake, na kinachotakiwa kufanyika, na nani, kufikia lini. "Walimu waongeze juhudi" si agizo. Hakuna anayeweza kulitekeleza. "Walimu wawili wa Historia wasahihishe pamoja karatasi 5 za kwanza za mtihani wa Novemba kabla ya kugawana zilizobaki" ni agizo, na utaweza kuja kuuliza kama limefanyika. Kama ningeruhusiwa agizo moja tu kwa kila shule, lingekuwa hilo. Halina gharama, linachukua saa moja na nusu, na linapunguza tofauti za alama kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Majina ya wanafunzi yasiwemo, tumia namba. Tangu mwaka 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na hata isingekuwepo, alama ya mtoto si ya kubandikwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa wilaya. Ukipiga picha za karatasi kwa simu, zifute ripoti ikishapokelewa. Mkuu wa shule apate nakala siku ile ile, mwalimu apate sehemu inayomhusu, na aandike maoni yake chini kama hakubaliani. Maoni hayo yaende pamoja na ripoti hadi inakokwenda.

Alama zikihitaji kubadilishwa, zibadilishwe na shule yenyewe, kwa kikao chenye muhtasari na saini, kabla ya tarehe ya kutuma. Mkaguzi hagusi daftari la alama kwa kalamu yake, hata kusahihisha kosa la kujumlisha.

Hatua ya 8: Rudi

Rudi muhula unaofuata, hata kwa nusu siku. Usiombe mafaili. Una orodha ya wale wanafunzi 6 uliowachagua mara ya kwanza, kwa namba zao. Ingia darasani, msalimie mwalimu, omba madaftari yale yale 6, na uanze kusoma pale ulipoishia.